Jinsi ya kupanga mtandao wa majitaka kwenye mji unaokua

Bajeti za halmashauri zikikaribia, simu yangu huita kwa maswali yaleyale. Ofisa mipango miji anataka kujua bomba liwe la inchi ngapi. Diwani anauliza kwa nini Kariakoo kuna bomba la majitaka na kwake Goba kila nyumba inajichimbia shimo. Mhandisi aliyemaliza chuo juzi anauliza ashike ramani ipi kwanza. Nimeyajibu hayo kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nayaandika.

Mifano yangu ni ya pembezoni mwa Dar es Salaam kwa sababu ndiko nilikokanyaga: vilima vya Kimara, Mbezi na Goba, na tambarare za mchanga za Kigamboni na Boko. Kama mji wako ni Kibaha au Ruiru, badilisha majina tu. Maji yanateremka vilevile.

Neno moja la mapema, maana hatua zote zinalizunguka: usianze na ramani ya barabara. Anayeanza huchukua mtandao wa barabara, akachora bomba kwenye kila mtaa, akahesabu mita, akapeleka makisio. Bomba la maji safi unaweza kulipanga hivyo kwa sababu lina msukumo. Majitaka yanakwenda kwa mserereko. Anza bondeni, mahali yatakapoishia, upande kurudi juu mpaka kwenye choo cha mwisho.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Ramani ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja) zilizopishana mita 1 au chini ya hapo. Siku hizi droni inakupa hiyo kwa siku chache. Ramani za kontua za mita 20 hazifai hata kwa mchoro wa awali.
- Takwimu za sensa ya 2012 na ya 2022 kwa kata, na kwa mtaa zikipatikana.
- Usomaji wa dira za maji wa miezi 12, pamoja na orodha ya visima. Nyumba yenye kisima haionekani kwenye bili, ila choo chake kinajaa kama cha jirani.
- Mpango kabambe wa mji na michoro ya urasimishaji wa makazi.
- Michoro ya vilivyofukiwa: mabomba ya maji, nyaya za umeme, mkongo, gesi.
- Daftari la safari za magari ya kunyonya majitaka. Watu wanalidharau. Mimi nalithamini kuliko ripoti nyingi za washauri, kwa sababu dereva anajua ni mtaa gani humwita kila mwezi na ni upi humwita mara moja kwa miaka mitano.
- Levo (kifaa cha kupimia usawa wa ardhi) na fimbo yake, mpimaji anayejua kuitumia, na fedha kidogo ya kuchimba mashimo ya majaribio.
- Mjumbe wa shina au mwenyekiti wa serikali ya mtaa wa kutembea naye. Bila yeye utaonekana mtu wa bomoabomoa na hakuna atakayekufungulia geti.

Hatua

1. Tembea bonde baada ya mvua kubwa. Siku ya pili baada ya mvua ya masika, vaa gambuti ushuke na mkondo. Utaona maji yanapojikusanya, kingo zinazomeguka, na nyumba zilizojengwa ndani ya njia ya maji. Utaona pia zile bomba fupi zinazochungulia ukutani upande wa korongo: hizo ni za kutapisha choo mvua inaponyesha. Kila moja itie alama kwenye ramani. Anayetapisha ana shimo lililojaa na hana hela ya gari, kwa hiyo ndiye mteja wako wa kwanza. Usimwendee kama askari.

2. Chagua mwisho wa maji, na ardhi yake uikamate sasa. Kama bomba kuu lililopo liko karibu na lina nafasi, vizuri, unganisha. Pembezoni mara nyingi hakuna, na itabidi kujenga mabwawa ya majitaka au mtambo.

Fanya hesabu ya haraka kwa mabwawa. Tuseme bonde lako litakuwa na watu 24,000. Kila mtu anatoa uchafu wa takriban gramu 40 za BOD kwa siku (BOD ni kipimo cha uchafu unaooza, kwa oksijeni unayohitaji), jumla kilo 960. Kwenye joto la nyuzi 25, bwawa la kwanza lisilo na hewa litapunguza kama asilimia 60, zibaki kilo 384. Bwawa la pili hubeba karibu kilo 350 kwa hekta kwa siku, hivyo linataka hekta 1.1. Ongeza mabwawa ya mwisho ya kuua vimelea, tuta, njia za magari na sehemu ya kukaushia tope, unafika hekta 5, yaani kama ekari 12.

Ekari 12 za Mbezi leo zina bei yake, na baada ya miaka mitano hazitakuwepo kabisa. Mabwawa ya Vingunguti leo yamezungukwa na nyumba pande zote. Kwa hiyo hata kama ujenzi ni wa miaka kumi ijayo, ardhi itwaliwe sasa, ilipiwe fidia, iwekwe mawe ya mipaka na miti. Kiwanja cha serikali kisicho na alama kina wajanja wake.

Angalia: acha angalau mita 200 hadi nyumba ya karibu, zaidi ukiweza, na ujue upepo unavuma kuelekea wapi. Pia sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe.

3. Gawa mji kwa mabonde, usigawe kwa kata. Mpaka wa kata hufuata siasa na barabara, ilhali maji hufuata mgongo wa kilima. Chora migongo yote, kila eneo lililo kati yake ni kitengo kimoja cha mradi. Diwani atalalamika kwamba nusu ya kata yake iko awamu ya tatu. Mpeleke mgongoni, mwagia maji kopo moja kila upande, atakuelewa.

Ukimaliza kugawa, chuja. Si kila mahali panahitaji bomba. Viwanja vikubwa vyenye nyumba chache na udongo unaonyonya vinaweza kubaki na karo na gari la kunyonya, mradi kuna mahali halali pa kumwaga. Kwenye mji wa Natal, Brazil, walikoanzisha mabomba ya pamoja ya kina kifupi mwanzoni mwa miaka ya 1980, hesabu zilionyesha mtandao huo unakuwa nafuu kuliko mashimo pale watu wanapofika kama 160 kwa hekta. Kwako namba itatofautiana kidogo, ila itumie kama kipimo cha kuanzia. Ardhi ikiwa na maji karibu, kama Boko ambako shimo la mita moja na nusu linaweza kujaa lenyewe wakati wa masika, hapo hata msongamano mdogo unatosha kudai bomba.

4. Hesabu watu watakaokuwepo. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Ukikokotoa unapata ukuaji wa kama asilimia 2.1 kwa mwaka, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu wanaichukua hiyo 2.1 na kuitumia Goba. Wastani wa mkoa unachanganya katikati ya jiji, kunakopungua watu, na pembezoni ambako mapori yamegeuka mitaa. Kokotoa kata kwa kata. Kisha hesabu mapaa kwenye picha ya anga ya miaka mitano iliyopita na ya leo, uone kama sensa na mapaa vinasema kitu kimoja.

Weka ukomo pia. Eneo likishajaa limejaa, hivyo usiendeleze asilimia 6 kwa miaka 20 mpaka upate watu wanaolala juu ya miti.

5. Geuza watu kuwa maji. Rudi kwenye bonde letu la watu 24,000. Dira zinaonyesha lita 100 kwa mtu kwa siku. Kama asilimia 80 inarudi kama majitaka, unapata lita 80 kwa mtu, mita za ujazo 1,920 kwa siku, sawa na lita 22 kwa sekunde kwa wastani.

Watu hawatumii maji kwa wastani. Saa kumi na mbili asubuhi wote wanaoga. Kwa idadi hii zidisha kwa karibu 2.6, upate lita 57, kisha ongeza kidogo kwa maji ya ardhini yanayopenya kwenye maungio. Sanifu kwa lita 60 kwa sekunde. Bomba la milimita 300 lenye mteremko wa 1:200 (kushuka mita 1 kila mita 200) hubeba lita 68 likijaa, kwa hiyo lita 60 zitapita likiwa limejaa kama robo tatu, na juu inabaki nafasi ya hewa. Hilo linatosha.

Angalia: kama dira zinasoma chini ya lita 50 kwa mtu, usipeleke bomba la kawaida bado. Kinyesi kitabaki kimelala humo. Shughulikia maji safi kwanza.

6. Pima vyoo, si barabara. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoua miradi.

Niliwahi kupimia asubuhi nzima kwenye nyumba moja ya mteremkoni Mbezi. Mchoro tuliopewa ulikuwa na bomba barabarani, kina mita 1.2. Mama mwenye nyumba aliitikia shikamoo yangu, akanitolea kigoda, akaniangalia ninavyohangaika na fimbo. Akasema, "Mwanangu, hilo bomba lenu zuri, lakini choo changu kiko nyuma." Tukapima. Bomba la choo chake lilikuwa linaingia kwenye karo sentimita 90 chini ya usawa wa barabara. Kutoka pale hadi barabarani ni mita 22. Kwa mteremko wa 1:60 yanatakiwa kushuka sentimita 37 nyingine, maana yake yangefika barabarani yakiwa sentimita 127 chini. Bomba letu liko 120. Sentimita 7 tu, na nyumba ingebaki nje. Isitoshe, njia ilikuwa inapita katikati ya korido aliyokuwa ameiwekea vigae mwaka uliotangulia. Tulipopima majirani, upande wote wa chini wa barabara ile ulikuwa hivyohivyo.

Nyuma ya nyumba yake, kupita migomba ya jirani, mkondo ulikuwa mita 14, na ardhi inashuka yenyewe.

Kwa hiyo: chukua sampuli ya nyumba kila mtaa, angalau moja kati ya kumi, na upande wa chini wa barabara pima zote. Andika usawa wa bomba linapotoka chooni, umbali, na liko mbele au nyuma. Hiyo ndiyo itakuambia bomba lipite wapi.

7. Chora njia kutoka chini. Bomba kuu lifuate bonde, juu ya usawa wa mafuriko. Matawi yapande kufuata vijito na migongo midogo. Panapokuwa na nyumba zilizobanana na vyoo viko nyuma, tumia mfumo wa bomba la pamoja linalopita uani, milimita 100, kina cha sentimita 40 hivi kwa kuwa hakuna gari linalopita, na visanduku vidogo vya kufungulia badala ya chemba kubwa. Utahitaji maandishi ya ridhaa ya kila mwenye uwanja, yakiwa na saini ya mwenyekiti wa mtaa. Ridhaa ya mdomo hufa nyumba inapouzwa.

Chini ya barabara weka angalau mita moja ya udongo juu ya bomba. Mwendo wa maji ufike mita 0.6 kwa sekunde angalau mara moja kwa siku, na usizidi mita 3.

Kwenye tambarare, kina ndicho adui. Bomba la 1:200 linashuka mita 5 kila kilomita. Ardhi ya Kigamboni ikishuka mita 1 tu kwa umbali huo, umeanza na kina cha mita 1.2 na umefika 5.2, ndani ya mchanga wenye maji. Kuna njia mbili: pindisha njia ufuate mteremko hata kama ni ndefu zaidi, au weka pampu. Kila pampu unayochora ni bili ya umeme ya kila mwezi, jenereta, pampu ya akiba na mlinzi. Mimi hukubali bomba refu kwa robo zaidi ili kukwepa pampu moja.

Angalia: mfereji unaozidi mita 1.5 bila mihimili ya kuzuia kuta ni kaburi lililo wazi. Weka gharama ya mihimili kwenye makisio, usimwachie mkandarasi aikumbuke.

8. Chagua bomba na chemba. Kwa matawi na mabomba ya kati tumia PVC. Zege huliwa na ile gesi yenye harufu ya yai viza, hasa maji yanapokwenda taratibu na kuoza njiani. Chemba ziwe kila panapopinda, panapokutana mabomba, panapobadilika mteremko au kipenyo, na kila mita 60 hadi 100 kwenye mstari ulionyooka. Mifuniko isiwe ya chuma. Itauzwa chuma chakavu wiki hiyohiyo, na shimo lililobaki wazi litapokea mtoto au bodaboda.

9. Gawa awamu kutoka chini. Mabwawa kwanza, bomba kuu pili, matawi ya karibu na bomba kuu tatu, kisha upande juu. Bomba kuu lijengwe kwa ukubwa wake wa mwisho mara moja, kwa sababu kulifukua baada ya miaka kumi chini ya lami hakuna atakayekuruhusu. Mabwawa unaweza kuyajenga nusu kwanza.

Ila ujue bomba kubwa lenye wateja wachache lina shida yake. Mwaka wa kwanza ukiunganisha nyumba 300 zenye watu wanne wanne, saa ya kilele utapata kama lita 4 tu kwa sekunde kwenye bomba lile la 300. Mwendo hautafika 0.6. Panga kulisukuma kwa maji ya gari kila wiki mpaka wateja waongezeke, na gharama hiyo iandikwe.

10. Weka uunganishaji wa nyumba ndani ya mradi. Bomba la uani, vigae vya kurudishia, fundi, kufukia karo la zamani: haya ukimwachia mwananchi alipe kwa mkupuo, wengi hawataunganisha, na mtandao wako utakuwa mapambo ya chini ya ardhi. Ama mradi ugharamie, ama alipe kidogokidogo kwenye bili ya maji.

11. Vibali, mapema. Tathmini ya athari kwa mazingira inapitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kibali cha kumwaga maji yaliyosafishwa mtoni hutoka bodi ya maji ya bonde, kwa Dar es Salaam ni Wami/Ruvu. Kukata barabara ni TANROADS (wakala wa barabara kuu) au TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) kutegemea barabara ni ya nani. Bei kwa wateja ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Maji yanayotoka yatapimwa kwa kiwango cha taifa: BOD isizidi miligramu 30 kwa lita. Yote haya yatume pamoja, usingoje kimoja kikamilike ndipo uanze kingine.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuingiza maji ya mvua. Mwenye nyumba anaona bomba zuri, anaunganisha mfereji wa paa na uwanja mzima. Masika ya kwanza chemba za bondeni zinafumka. Kagua kila nyumba siku ya kuunganisha, na mitaro ya mvua ipangwe sambamba, kivyake.

Kusahau migahawa na mama lishe. Mafuta yanaganda bombani kama mshumaa. Kila jiko la biashara liwe na kisanduku cha kunasa mafuta.

Kusahau gari la kunyonya. Hata mtandao ukikamilika, viwanja vya juu vitabaki na makaro. Tenga mahali pa kushushia kwenye mabwawa, pawe na bwawa lake la tope, maana mzigo wa gari moja ni mzito kuliko majitaka ya mtaa mzima wakati huo.

Ukikwama

*Bomba linaziba mahali palepale.* Fungua chemba ya juu na ya chini, pima usawa. Mara nyingi bomba limetitia, limefanya tumbo. Usawa ukiwa sawa, tazama kinachotoka: mchanga ni wa kusugulia masufuria, magunzi na nailoni ni za chooni, kokoto ni za mfuniko uliovunjika. Kila kimoja kina mtaa wake wa kwenda kuzungumza nao.

*Mwenye uwanja amegoma bomba lisipite.* Usimpeleke kwa mkuu wa wilaya kwanza. Muulize anataka kujenga nini pale, mara nyingi ni banda au chumba cha kupangisha. Sogeza bomba mita mbili hadi ukingo wa kiwanja, umuunganishe wa kwanza.

*Wateja hawaji.* Pita nyumba kumi zilizokataa, na levo mkononi. Kama sita kati yake vyoo viko chini ya bomba, shida si elimu kwa umma kama ripoti itakavyosema. Rudi hatua ya 6.

*Mabwawa yananuka kuliko ilivyotarajiwa.* Angalia rangi. Bwawa la pili likiwa la kijani lina afya, likigeuka waridi au kijivu limezidiwa. Tafuta nani ameanza kumwaga: kiwanda, machinjio, au magari ya usiku. Kama mzigo ni wa halali, ni wakati wa kujenga ile nusu ya pili ya mabwawa.

*Fedha imekatwa nusu.* Punguza matawi ya juu. Ardhi ya mabwawa usiiguse, wala kipenyo cha bomba kuu.